Askari, Mpagazi, Mwanamgambo: Historia ya Majina ya Watumishi wa Jeshi katika Kiswahili, kwa Mifano kutoka Njombe na Ikonda

1. Utangulizi



Mgonjwa anayetoka Makambako kwenda kutibiwa katika hospitali ya Wamisionari wa Consolata iliyoko Ikonda, Wilaya ya Makete, hupita Njombe mjini, kisha huipanda milima ya Ukinga kwa saa kadhaa. Afikapo langoni, mtu wa kwanza kumsemesha ni askari. Askari huyu huenda akawa amevaa koti zito kwa ajili ya baridi ya nyanda za juu, na huenda akawa hana silaha yoyote zaidi ya rungu. Kazi yake ni kufungua lango na kuelekeza watu. Hakuna anayemwogopa, na hakuna anayedhani kwamba ametumwa na dola kuja kupigana.

Mwaka 1905 na mwaka 1916, katika nchi hiyo hiyo ya Wabena na Wakinga, neno hilo hilo lilimtaja mtu mwingine kabisa. Askari aliposikika anakuja, ghala zilifichwa, na vijana walikimbilia msituni ili wasishikwe kubebeshwa mizigo. Herufi za neno hazikubadilika hata moja. Kilichobadilika ni mtu anayetajwa, malipo yake, silaha yake, na hisia za anayelitamka jina lake.

Mhadhara huu unahusu majina ambayo Kiswahili kimewapa watu wa jeshi: jemadari, akida, ruga-ruga, askari, mpagazi, keya, mwanajeshi, mpiganaji, mwanamgambo na mengineyo. Hoja yangu ni moja, nayo ni kwamba historia ya majina haya ni historia ya kugawanya heshima. Kila dola iliyotawala nchi yetu iliwagawa waliolitumikia jeshi lake katika makundi kwa njia ya majina, na mgawanyo huo uliamua nani alipwe, nani ahesabiwe, na nani akumbukwe baada ya kufa. Nitaonyesha kwamba jina mojawapo, yaani mpagazi, liliachwa nje ya jeshi ingawa mwenye jina alifia vitani. Nitamaliza kwa kueleza wajibu wa wanaleksikografia katika jambo hilo.

2. Kabla ya mkoloni: jemadari, akida, ruga-ruga na nduna

Kiswahili hakikungoja Wazungu ili kipate msamiati wa kijeshi. Neno jeshi lenyewe linatokana na Kiarabu, na katika matumizi ya zamani lilibeba maana ya kundi kubwa la watu au viumbe, wenye silaha au wasio nazo. Maana hiyo pana bado inasikika makanisani, kwa kuwa Biblia ya Kiswahili humwita Mungu Bwana wa majeshi, na majeshi hayo si ya bunduki.

Katika karne ya 19 sultani wa Unguja aliwategemea sana askari wa kukodiwa, hasa Mabulushi, waliowekwa katika ngome na bandari za pwani. Kiongozi wa kikosi chao aliitwa jemadari. Neno hili lina asili ya Kiajemi, nalo lilitufikia kwa njia ya Bara Hindi. Burton na Speke walipoondoka pwani mwaka 1857 kwenda maziwa makuu, msafara wao ulilindwa na Mabulushi waliokuwa chini ya jemadari. Safari ya neno hili inashangaza. Katika jeshi la Waingereza huko India, jemadari alikuwa ofisa wa ngazi ya chini kabisa miongoni mwa maofisa wenyeji. Katika Kiswahili neno limepanda cheo, na leo jemadari, au jemedari kama wengi wanavyolitamka, ni kiongozi mkuu wa vita ambaye husifiwa kwa ushairi na hotuba. Tunamwita jemedari mtu aliyeongoza majeshi makubwa, au hata kiongozi wa siasa ambaye hakushika bunduki maishani mwake.

Neno akida lilikwenda upande mwingine. Asili yake ni Kiarabu, na katika nchi nyingi za Kiarabu leo neno hilo ni cheo cha kanali. Katika miji ya pwani kabla ya ukoloni akida alikuwa kiongozi wa watu wenye silaha. Wadachi walipoitwaa nchi, walilitwaa na neno. Walimfanya akida kuwa mtumishi wa kiraia aliyewekwa juu ya vijiji, akikusanya kodi, akisimamia mashamba ya pamba na kuamuru viboko. Kufikia mwaka 1905 akida alikuwa miongoni mwa watu waliochukiwa kuliko wote kusini mwa nchi, na chuki hiyo ni mojawapo ya sababu za Vita vya Majimaji. Maana ya kijeshi ya neno hili isingebaki popote isipokuwa katika tafsiri ya Maandiko. Katika Biblia ya Tafsiri ya Muungano, ofisa wa Kirumi aliyemwendea Yesu kule Kapernaumu anaitwa akida. Mkristo wa Njombe ambaye babu yake alimkimbia akida wa Mdachi humsikia akida mwingine kanisani, mwenye imani kubwa, na hahisi mgongano wowote. Kamusi inapaswa kuuona mgongano huo.

Bara nako kulikuwa na majina yake. Unyamwezi ndiko lilikotoka neno ruga-ruga, lililowataja wapiganaji vijana wa watemi, na ambalo lilijulikana mbali katika enzi za Mirambo, miaka ya 1870. Wangoni, waliokuwa jirani za Wabena upande wa kusini, walileta neno nduna, yaani kiongozi aliye chini ya mfalme mwenye madaraka ya watu na ya vita. Nduna Songea Mbano alinyongwa na Wadachi mwaka 1906, na mji wa Songea unalihifadhi jina lake. Neno nduna limeingia katika vitabu vyetu vya historia bila kutafsiriwa, na hivyo ndivyo inavyofaa, kwa kuwa Kiswahili hakina neno moja linalojumuisha madaraka yote aliyokuwa nayo.

3. Askari wa Wadachi na vyeo vya Kituruki

Neno askari ni la Kiarabu pia, nalo lilitumika pwani kabla ya Wadachi. Hata hivyo, ni jeshi la Wadachi lililolieneza hadi milimani na kulipa sura iliyokumbukwa kwa vizazi. Mwaka 1889 Hermann Wissmann alitumwa kuzima upinzani wa watu wa pwani. Aliwaajiri wapiganaji wa Kisudani kutoka Misri, waliokuwa wamelitumikia jeshi la Misri, pamoja na wengine kutoka Inhambane, Msumbiji. Mwaka 1891 kikosi chake kiligeuzwa kuwa jeshi rasmi la koloni. Agosti 17 mwaka huo huo jeshi hilo lilipigwa vibaya na Wahehe wa Mkwawa pale Lugalo, na kamanda wake, Emil von Zelewski, akauawa.

Kwa kuwa Wasudani wale walitoka katika jeshi lililofuata desturi za Uturuki, vyeo vya Waafrika katika jeshi la Wadachi vilikuwa vya Kituruki. Juu ya askari wa kawaida alikuwapo ombasha, ambaye kwa asili ni mkuu wa watu kumi. Kisha shaush, betshaush na sol, na juu ya wote effendi. Kwa hiyo Mnyamwezi au Msukuma aliyeajiriwa na Mjerumani alipandishwa cheo kwa neno la Kituruki, lililotamkwa na Msudani, ndani ya sentensi ya Kiswahili. Hicho ndicho Kiswahili kilichopanda milima hadi Njombe. Kwa wenyeji wengi wa huko, lugha hii haikuja kwanza kwa kitabu cha shule. Ilikuja kwa amri ya askari na kwa mahubiri ya mmisionari.

Kati ya vyeo hivyo, ombasha, shaush, betshaush na sol vimekufa. Effendi hakufa. Neno hili, ambalo Waturuki walilipata kutoka kwa Wagiriki likiwa na maana ya bwana mwenye mamlaka, ndilo afande letu. Waingereza walilirudisha rasmi katika miaka ya 1950 liwe cheo cha ofisa Mwafrika katika kikosi chao cha Afrika Mashariki, na Idi Amin ni miongoni mwa waliokipata, mwaka 1959. Cheo kilifutika baada ya uhuru, lakini neno lilibaki katika kinywa cha mdogo anayemjibu mkubwa wake. Leo afande husikika katika majeshi na polisi wa Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda. Raia naye amelichukua, naye humwita afande polisi yeyote anayemsimamisha barabarani, hata aliyemaliza mafunzo mwezi uliopita. Neno lililokuwa cheo cha juu kabisa kwa Mwafrika limekuwa namna ya kumnyenyekea kila mwenye sare.

Vita vya Majimaji vilionyesha kwa mara ya kwanza jinsi majina yanavyogawa watu vitani. Mnamo Septemba 1905 wapiganaji wa Kibena walikishambulia kituo cha misheni cha Yakobi, karibu na Njombe ya leo. Wadachi waliotumwa kuuzima upinzani kusini hawakuwa na askari wa kutosha, nao waliwatumia ruga-ruga kwa wingi. Tofauti kati ya majina haya mawili ilikuwa tofauti ya mkataba. Askari alikuwa na sare, mshahara wa mwezi na nidhamu ya kambi. Ruga-ruga aliitwa kwa msimu, akavaa alichokuwa nacho, na sehemu ya ujira wake ilitokana na alichoteka. Ng'ombe walichukuliwa, nyumba zikachomwa, vyakula vikaharibiwa, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Neno ruga-ruga, lililokuwa la sifa kwa vijana wa Mirambo, lilibaki kusini likiwa na harufu ya uporaji.

4. Mpagazi, aliyefia vitani bila kuwa askari

Nafika sasa kwenye neno ambalo ndilo kiini cha mhadhara huu.

Mpagazi ni mtu anayepagaa, yaani anayebeba mzigo mabegani au kichwani. Mzizi huo ndio uliotupa pagawa, kuingiwa na kubebeshwa pepo. Katika karne ya 19 upagazi ulikuwa kazi ya ujira yenye heshima. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wapagazi, ameonyesha kwamba Wanyamwezi waliofanya safari za pwani walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi, desturi zao na uwezo wa kudai haki yao. Kijana aliyewahi kufika pwani na kurudi alihesabiwa kuwa mwanamume kamili. Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliichukua kazi hiyo na kuifanya adhabu.

Sababu inaeleweka. Nchi ya kusini haikuwa na reli, barabara za magari zilikuwa chache mno, na mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo. Kila risasi, kila kipande cha mzinga na kila gunia la unga lilipaswa kupita juu ya kichwa cha mtu. Mpagazi naye alihitaji kula, na kadiri safari ilivyokuwa ndefu ndivyo sehemu ya mzigo iliyoliwa njiani ilivyozidi, ndivyo na wapagazi wengine walivyohitajika kumlisha huyo wa kwanza.

Njombe ilikuwa njia kuu ya mambo hayo. Mwaka 1916 Brigedia Jenerali Edward Northey aliingia kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, akapita Ubena, akapigana Malangali mwezi Julai, na mwishoni mwa Agosti kikosi chake kikaingia Iringa. Wapagazi wake wengi walitoka nchi za kusini, ambako kazi hiyo iliitwa tengatenga. Miezi michache baadaye Wadachi waliorudi nyuma kutoka Tabora chini ya Jenerali Kurt Wahle walipenya katika nchi hiyo hiyo. Lupembe kulipiganwa, na tarehe 26 Novemba 1916 kikosi chao kimoja kikasalimu amri Ilembule. Oktoba 1918, vita vikikaribia kwisha, Lettow-Vorbeck alitokea tena Ubena akitoka Msumbiji, akamwacha Wahle hapo akiwa mgonjwa, kisha akaendelea kuelekea Rhodesia ya Kaskazini. Aliposalimu amri Abercorn tarehe 25 Novemba 1918 alikuwa na askari zaidi ya 1,100, na wapagazi waliowazidi askari hao kwa idadi. Kila jeshi lililopita lilikula chakula cha Wabena na Wakinga, na kila moja lilichukua watu wa kubeba.

Sasa tuangalie hesabu. Askari aliandikwa jina, namba na kijiji chake. Akifa, kuna daftari lililoonyesha kwamba amekufa. Mpagazi aliandikwa kwa idadi, kama magunia, na katika mwendo wa mbio hakuandikwa kabisa. Wanahistoria wanakadiria kwamba upande wa Waingereza peke yake walikufa wapagazi karibu 100,000, wengi wao kwa kuhara damu, homa ya mapafu na njaa. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Kwa kuwa hawakuuawa na risasi, na kwa kuwa jina lao halikuwa askari, vifo vyao havikuhesabiwa kuwa vifo vya vitani.

Dar es Salaam ina ushahidi wa mawe na shaba kwa jambo hili. Sanamu ya Askari iliyozinduliwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Wissmann, inamwonyesha askari mmoja akiwa na bunduki yenye singe. Maandishi yaliyo chini yake yanawataja pia wapagazi, na kuwafananisha na viungo vya mwili wa jeshi. Mpagazi amepewa maneno, lakini hakupewa umbo. Nairobi, ambako ukumbusho wa namna hiyo uliwekwa mwaka uliofuata, mpagazi amechongwa akiwa pamoja na askari wawili. Ukumbusho mkubwa zaidi wa mpagazi nchini Tanzania ni neno ambalo halikukusudiwa kuwa ukumbusho. Baada ya Waingereza kuingia Dar es Salaam mwaka 1916, kikosi cha wapagazi kilipiga kambi katika viwanja vilivyokuwa wazi. Jina la Kiingereza la kikosi hicho lilitamkwa na Waswahili kuwa Kariakoo. Maelfu ya watu hununua mchicha na vitenge pale kila siku, na ni wachache wanaojua kwamba wanalitamka jina la wafu.

Mwezi Aprili 2021, tume inayotunza makaburi ya wanajeshi wa Uingereza na nchi zilizokuwa makoloni yake ilitoa ripoti juu ya jambo hili. Ripoti ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda kufikia 350,000, wengi wao wakiwa Waafrika wa Mashariki na Wamisri, walilitumikia jeshi hilo wakafa bila majina yao kuwekwa popote, au bila kukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi. Miaka zaidi ya mia moja ilikuwa imepita. Mwanaisimu hawezi kusoma ripoti hiyo bila kuona kwamba chanzo kimojawapo cha dhuluma ilikuwa ni swali la leksikoni, yaani nani aitwe nani wakati wa kuandikishwa.

5. Keya na Kiswahili cha kambini

Kikosi cha Waingereza kilichoundwa mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika Mashariki na Nyasaland kilijulikana kwa ufupisho wa herufi tatu, nazo herufi hizo zilizaa neno keya. Mtu alikwenda keya, alirudi kutoka keya, naye mwenyewe aliitwa keya. Lugha ya kikosi hicho ilikuwa Kiswahili cha namna yake, ambacho Mungai Mutonya na Timothy Parsons walikichunguza katika makala yao ya mwaka 2004. Kilikuwa na upatanisho wa kisarufi uliopunguzwa, amri nyingi, na maneno ya Kiingereza yaliyovaa sauti za Kiswahili: kuruta, koplo, sajini.

Baadhi ya maneno hayo yamehifadhi mambo ambayo wenye kuyatumia wamekwisha kuyasahau. Mfano mzuri ni sajinitaji. Katika jeshi la Uingereza cheo hicho kilionyeshwa kwa alama tatu za mkono zikiwa na taji juu yake. Taji hilo ni la mfalme wa Uingereza. Tanganyika ikawa jamhuri mwaka 1962, lakini taji limebaki ndani ya jina la cheo, na sajinitaji wa leo halioni.

Vita vya pili vya dunia viliwapeleka vijana wetu Uhabeshi, Madagaska na Burma. Waliporudi, neno keya lilikuwa limepata maana nyingine, ya mtu aliyeona dunia, aliyejua kusoma barua na kutoa amri kwa Kiswahili. Hata hivyo Kiswahili chake kilichekwa na walimu wa shule, na ndiyo maana msamiati mwingi wa keya haukuingia katika kamusi za wakati huo.

6. Mwanajeshi, mpiganaji na mwanamgambo

Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo, waliasi. Madai yao makubwa yalikuwa mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Jeshi hilo lilikuwa ni kikosi kile kile cha keya kilichobadilishwa jina wakati wa uhuru. Baada ya maasi lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Ulinzi la Wananchi wa Tanzania, chini ya Mrisho Sarakikya. Vijana wa kwanza walitafutwa katika umoja wa vijana wa TANU na katika Jeshi la Kujenga Taifa, lililokuwa limeanzishwa Julai 10, 1963.

Tuangalie jina hilo kwa jicho la sarufi. Askari ni nomino ya mkopo isiyobadilika umbo katika wingi. Tunasema askari huyu na askari hawa, na neno lenyewe halimwambii msikilizaji askari ni wa nani. Mwanajeshi ni neno la ngeli ya kwanza na ya pili lililojengwa kwa mwana-, kama mwananchi na mwanachama. Kiambishi hicho kinaashiria umo ndani: mtu huyu ni mtoto wa chombo hiki, chombo hiki ni chake. Neno mwanajeshi halikubuniwa mwaka 1964, lakini siasa ya miaka hiyo ililipa nguvu. Askari aliweza kuwa wa Mdachi, wa Mwingereza au wa tajiri mwenye ghala. Mwanajeshi alitakiwa awe wa wananchi. Kuanzia hapo njia za maneno haya mawili ziliachana taratibu. Mwanajeshi alibaki kambini. Askari alitawanyika: askari polisi, askari magereza, askari wanyamapori, askari kanzu ambaye havai sare, na askari wa lango la hospitali ya Ikonda.

Neno mpiganaji nalo lina historia yake. Tanzania ilipowapokea wapigania uhuru wa Msumbiji, Afrika Kusini na kwingineko, katika kambi kama Kongwa na Nachingwea, ilihitaji jina la mtu anayebeba silaha bila kuwa na dola nyuma yake. Mpigania uhuru hutaja lengo, na mpiganaji hutaja kitendo. Kinyume chake ni mamluki. Kwa Kiarabu neno hili lilimtaja mtumwa anayemilikiwa. Katika Kiswahili limekuja kumtaja anayepigana kwa fedha, na katika siasa limekuwa tusi kwa kila anayedhaniwa kununuliwa. Mantiki ya Waswahili katika kugeuza maana hiyo ni kali, kwani anayejiuza humilikiwa na mnunuzi.

Jina lenye asili ya ndani kuliko yote ni mwanamgambo. Mgambo ni tangazo la hadhara, na methali inatuambia kwamba mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Mbiu ni pembe, nyati akiwa ndiye mnyama aliyeitoa. Mtu wa zamani aliposikia mgambo aliacha jembe akaenda uwanjani kusikiliza. Serikali ilipounda jeshi la akiba la raia, ililichukua neno la wito ikawapa walioitwa. Mwanamgambo basi ni yule anayekuja akiitwa na kurudi shambani akiruhusiwa. Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera, pembe ililia kweli, na makumi ya maelfu ya wanamgambo wakaenda vitani pamoja na wanajeshi. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Leo mwananchi wa mjini anaposikia mgambo hufikiria mtu anayewafukuza wamachinga na kuchukua bidhaa zao. Ni kushuka kwa kusikitisha kwa neno lililotoka katika pembe ya kijiji.

Niongeze mfano mmoja kutoka Jeshi la Kujenga Taifa, kwa kuwa wanafunzi walio mbele yangu wanaujua kuliko mimi. Sheria iliyowataka wasomi kulitumikia jeshi hilo ilipingwa na wanafunzi wa chuo kikuu mwaka 1966, utekelezaji wake ukasitishwa mwaka 1994, na ukarejeshwa mwaka 2013. Vijana wanaokwenda Mafinga au Mlale kwa utaratibu huo huitwa vijana wa mujibu wa sheria, ili watofautishwe na wa kujitolea. Kwa ufupi wamekuwa mujibu tu. Maneno ya kuunganisha sentensi katika hati ya serikali yamegeuka nomino ya mtu mwenye kwanja mkononi.

7. Nje ya mipaka yetu

Majirani zetu wamechagua njia nyingine. Kenya huzungumzia wanahewa pale ambapo Tanzania husema jeshi la anga. Katika Kongo ya mashariki askari huitwa soda, na wingi wake ni masoda au basoda, kutokana na Kifaransa. Huko pia limezaliwa neno ambalo natamani lingekuwa halipo, yaani kadogo. Kiambishi ka- cha udogo si cha Kiswahili sanifu, ambacho hutumia ki-, lakini ni cha kawaida katika Kiswahili cha Kongo, nacho huambatana na mapenzi. Mama humwita hivyo mtoto wake wa mwisho. Katika vita vya 1996 na 1997 vilivyomwondoa Mobutu, neno hilo lilipewa watoto waliobebeshwa bunduki. Hakuna jina la kijeshi katika lugha yetu linaloficha ukatili kwa upole kiasi hicho.

8. Hitimisho: kamusi na wafu

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha kwamba majina ya watu wa jeshi hupanda na kushuka. Jemadari amepanda. Akida aliacha silaha akawa mtoza kodi, akabaki na upanga wake katika Biblia tu. Effendi amekuwa afande wa kila mtu. Ruga-ruga amechafuka, mgambo ameshuka, na askari amefika langoni.

Kamusi zetu nyingi hueleza maana za maneno haya kana kwamba zote ni za siku moja. Hazitaji mwaka, mahali, wala aliyelitamka neno. Nina mapendekezo matatu. La kwanza, kamusi ya kihistoria ya Kiswahili, yenye tarehe na vyanzo kwa kila maana, isiendelee kuahirishwa. La pili, wanafunzi wanaotoka Njombe, Makambako na Makete watumwe kwao na daftari kabla wazee waliosimuliwa na wazazi wao habari za vita hivyo hawajaondoka. Waulize ni neno gani lilitumika nyumbani kwa mtu aliyechukuliwa mwaka 1916, Kibena kilimwitaje, Kikinga kilimwitaje, na jina lake mwenyewe lilikuwa nani. La tatu, pale kamusi inapoeleza neno mpagazi, iongezwe maana ya pili, iandikwe wazi kwamba ni mtumishi wa jeshi aliyebeba zana na vyakula katika vita vya 1914 hadi 1918.

Maana hiyo haitamfufua mtu. Lakini mjukuu wa Ikonda atakayefungua kamusi hiyo ataweza kusema, kwa neno lililokubaliwa na wenye lugha, kwamba babu wa babu yake alikufa vitani.